Mchuja Matusi na Mlango wa Mama Bilha

Nimestaafu kazi ya kutukanwa. Wengine hustaafu ualimu, wengine hustaafu reli kama marehemu baba yangu, wakapewa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Mimi nilistaafu kusoma matusi, na nilichoondoka nacho ni macho yanayotoa machozi nikitazama kitu chochote chenye mwanga, ikiwemo friji.

Nawaandikia nyinyi vijana mliochaguliwa juzi kuangalia ukurasa wa mtaa wetu kule mtandaoni. Mlikuja kwangu na soda, mkakaa kwenye kochi langu, mkaniuliza kwa adabu kubwa: "Mzee, uchaguzi unakaribia. Tufute nini, tuache nini?" Nikawaambia nitafikiria. Ukweli ni kwamba nilitaka muondoke nilale. Lakini mke wangu, Mama Bramu, amenisuta tangu siku hiyo. "Umekunywa soda ya watoto wa watu, sasa wape neno." Basi neno ndilo hili. Likiwa refu, mlaumu yeye.

Kazi yangu iliitwa mchuja maoni. Stesheni moja ya redio mjini ilinichukua nikiwa na cheti cha kidato cha nne na shati moja lenye kola, na Mama Bramu akatangaza kanisani kwamba mumewe yuko redioni. Waumini wakatega masikio mwezi mzima. Hawakunisikia. Sauti yangu inafaa kufukuza ndege shambani, si kusoma habari. Mimi nilikaa chumba cha nyuma, nikipitisha yale ambayo watu wanataka yasomwe na kuzuia yale ambayo watu wanataka zaidi yasomwe.

Wakati huo hapakuwa na mtandao wa kumtukana mtu bure. Ulinunua kadi ya salamu, ukaandika majina ya unaowasalimu, ukaongeza ujumbe, ukaituma kwa posta. Hebu fikirini. Mtu alikuwa na muda wote huo wa kutulia, kunywa maji na kutubu kabla kadi haijatufikia, na bado ilifika ikiwa moto. Kwa hiyo msiniambie simu ndiyo imeharibu watu. Simu imewapunguzia nauli tu.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Zuhura, mkuu wa chumba chetu, mzaliwa wa Majengo kule Pumwani. Kila asubuhi alitembea kwa miguu mpaka mjini, buibui na mwavuli, hata mvua isipokuwepo. Mwavuli ulikuwa wa kutunyooshea. Wiki yangu ya kwanza nilimpelekea kadi ambayo niliona ni ya kiungwana kabisa. Ilisema: salamu zimfikie jirani wangu wa mlango wa tatu, mwenye sofa mpya na watoto wanaolala mapema; ujumbe, Mungu anaona yote. Juu yake nilikuwa nimeandika "isomwe," na moyoni nimeguswa kidogo.

Bi Zuhura aliisoma, akanitazama. "Wewe umezaliwa wapi?"

"Hapa hapa Makongeni, Bi Zuhura. Nyumba za reli."

"Na huko hamtukanani?"

"Tunatukanana sana."

"Vipi?"

"Unamwita mtu jina baya, naye anakurushia kiatu."

Akatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari aliyeona picha ya mapafu. "Maskini. Hamjasoma."

Kisha akanifumbulia. Watoto wanalala mapema kwa sababu hawajala, na hawajala kwa sababu pesa ya unga imekaliwa sebuleni. Mwanamke amevuliwa nguo mbele ya nchi nzima, na Mungu amewekwa shahidi.

"Basi tuitoe," nikasema, nikiwa tayari nimeshika kalamu nyekundu.

"Tuitoe kwa nini? Ni umbea. Mwenye sofa ana mdomo, wiki ijayo atatuma yake. Isomwe. Nilitaka tu ujue unachokiruhusu. Ruhusu, lakini usiruhusu ukiwa umelala."

Siku nyingine, msimu wa kura umepamba moto, ikaja kadi yenye mwandiko mzuri wa mwalimu. Iliwasalimu "wageni wetu wote wapendwa" katika mtaa fulani, ikawatakia safari njema ya kurudi walikotoka, na ikaahidi kwamba vijana watawasindikiza. Hapakuwa na neno baya hata moja. Bi Zuhura aliichana vipande, akavichana vipande tena.

"Lakini hajamtukana mtu," nikasema.

"Ndiyo maana nimeogopa. Sikiliza, mwana wa reli. Mtu akimwita mwenzake mjinga, mwache; ujinga upo na hakuna aliyeukataza. Akimwita punda, kunywa maji, soma tena. Lakini ukiona maneno yanamtuma mtu, yanamwambia nenda kwa fulani, muondoe fulani, usinywe hata hayo maji. Toa. Tusi likikaa mahali pake ni uhuru wa mtu. Likivaa viatu, ni kazi yetu."

Hayo ndiyo masomo yote niliyopata. Wenzenu siku hizi wanasafirishwa hadi hotelini kufundishwa jambo hilo, wanapewa na mkoba.

Miaka ikaenda. Kadi zikafa, ujumbe wa simu ukaja ukazeeka, na maoni yote yakahamia kwenye ukurasa wa stesheni mtandaoni. Bi Zuhura akastaafu. Mimi nikapewa kompyuta, nikaambiwa nifanyie kazi nyumbani. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilikaribia kumbusu mkubwa wetu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mama Bramu husema nilioa kochi, yeye akaja kama mkono wake. Wanaume wa mtaa huu Jumamosi huvuka barabara kwenda Soko la Burma kula nyama choma. Mimi hungoja upepo uniletee harufu, nikaila na ugali. Basi nikaweka meza pembeni ya sebule, nikaupa mlango mgongo, nikavaa spika za masikio, na nchi nzima ikawa inanitukana nikiwa na malapa miguuni.

Huko ofisini wakaletwa vijana wa kompyuta, wapole, wananukia sabuni nzuri. Wakaweka programu ya kukamata maneno ya chuki yenyewe bila mtu. Waliilisha maneno ya hatari: kuchinja, kukata, kuchoma, panga. Kampeni zilipoanza, wachinjaji wote wa Burma wakatoweka mtandaoni. Mtu akiandika "leo tumechinja mbuzi wawili, karibuni, tunachoma mpaka jioni," programu inamfungia kama jemadari wa waasi. Mmoja alipiga simu stesheni, akaunganishwa nami, akauliza: "Ndugu yangu, mbuzi wangu amekosea chama gani?" Wakati huo huo yule ndugu wa kuwatakia wageni safari njema, au pengine sasa ni mtoto wake, alikuwa anapita kila siku bila kuguswa, na kichoro cha moyo mwishoni.

Msiicheke mashine peke yake. Mimi binafsi nilimfuta mchungaji. Aliandika kwamba adui za Bwana watapondwa kama vyungu, nikaona hapa kuna vyungu vya jirani vinavyotafutwa. Kumbe ni Maandiko, mstari wa siku hiyo. Jumapili akahubiri juu ya watesi wa Neno wanaojificha gizani. Mama Bramu alinikanyaga mguu kuanzia utangulizi mpaka sadaka.

Na kuna wale waheshimiwa. Wasaidizi wao walinipigia simu kila siku ya kampeni: "Kuna chuki kwenye ukurasa wenu, tafadhali toeni." Nikitazama, chuki yenyewe ni mama mmoja anauliza daraja alilowaahidi liko wapi. Nyinyi maadmini wapya, shikeni hili: mkubwa akiitwa gunia, acheni. Suti yake ikitukanwa, acheni. Akiulizwa pesa zilienda wapi, acheni na mbandike juu kabisa. Mtu mwenye walinzi wanne haumizwi na komenti. Kwake yeye kila swali ni chuki, na kila chuki anayoisema yeye ni utani umechukuliwa vibaya.

Sasa nije kwa Dankan, maana ndiye aliyeniletea balaa. Dankan ni fundi wa kuchomelea vyuma, anaishi ng'ambo ya kijia chetu, peke yake, mlango wake wa chuma ameutengeneza mwenyewe na kuupaka rangi nyeupe kama hospitali. Hakujua kazi yangu. Mchuja maoni hajitangazi. Jirani wote walijua nafanya "mambo ya ofisi," na kwa kuwa sitoki walidhani nimefutwa kazi na naona haya kusema.

Siku moja kabla ya kura aliingia kwetu kwa kishindo. "Niaje, mzee. Hawa watu wa redio wamenifuta tena!"

"Wamekufuta vipi na umesimama hapa?"

"Komenti yangu! Na nilisema ukweli tupu."

"Ulisema nini?"

"Nilisema wale wa upande ule ni wezi wa kura tangu tumboni mwa mama zao, na safari hii tuwafuate mpaka kwao."

"Wote?"

"Wote, mzee. Bila kubakisha."

"Hata Mama Bilha?"

"Aaah, Mama Bilha ni wetu. Si nakula mandazi yake kila asubuhi?"

"Lakini ni wa upande ule."

"Si yeye, mzee. Wale wengine."

Kumbukeni hayo majibu. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kumpata mtu anayemchukia jirani yake. Siku zote ni wale wengine, na wale wengine nao wana jirani.

Dankan akakalia mkono wa kochi, damu bado inachemka. "Kuna mjinga mmoja wamemweka hapo redioni, kazi yake kutuziba midomo. Katiba imenipa uhuru wa kusema! Huyo jamaa siku nikimpata..."

Jikoni Mama Bramu alicheka mpaka kifuniko cha sufuria kikaanguka. "Ukimpata utamfanya nini, Dan?"

"Nitamuuliza kama alilelewa na watu."

"Walijaribu," Mama Bramu akasema. "Ngoja nikuongeze chai."

Mama Bilha ni nani? Ni mwanamke aliyekuwa na meza ya mandazi karibu na mfereji wa maji, mwisho wa safu yetu. Nyumba anayoishi, kama zetu zote huku nilikohamia kutoka nyumba za reli, ni ya baraza la jiji, na aliyeipangisha kwanza ni mama yake, aliyefagia barabara za jiji hili hadi mgongo ukagoma kunyooka. Nyinyi mmezaliwa huku, mnajua mambo ya nyumba hizi. Ukienda mazishi ya wiki mbili unaacha mtu alale ndani. Ukikimbia kwa woga, ukirudi utakuta pazia la mtu mwingine dirishani, na huyo mtu atakuuliza unamtafuta nani. Mama Bilha alikuwa na nyumba hiyo, mjukuu mmoja mdogo, na karai la mafuta. Pia alikuwa, katika safu yetu, mmoja wa wachache wa upande ule. Kabila lake sitalitaja. Kazi imeniharibu, siku hizi hata ndoto zangu hazina makabila.

Tukapiga kura. Kisha tukangoja matokeo, na mnajua kungoja huko. Barabara ya Jogoo ilinyamaza hata ukasikia kuku wa Makadara. Maduka yalifunguliwa nusu mlango. Waliokuwa na ushago, kwao mashambani, walikuwa wameshapeleka watoto huko. Mimi nilikuwa kwenye meza yangu, mgongo kwa mlango, nikisoma. Na mchana mmoja, katikati ya wale wenye kujumlisha kura kwa vidole, ikaja picha.

Ilikuwa mlango. Rangi ya buluu iliyobabuka, kufuli ninayoijua. Juu yake, kwa chaki nyeupe, mstari, tarakimu, na mshale unaoelekeza nyumba inayofuata. Chini Dankan ameandika: "Huu ni mlango wa Mama Bilha. Wameanza kuweka alama nyumba za watu wa upande wake. Tusinyamaze!"

Mwaka ule nyumba zilipochomwa nyinyi hamkuwepo, au mlikuwa mgongoni, lakini sisi wakubwa tunajua alama mlangoni ina maana gani wakati wa kura. Na tazameni, Dankan huyu huyu wa wezi-tangu-tumboni sasa alikuwa anamtetea. Alikuwa na nia safi. Nia safi ndiyo iliyonitesa kuliko chuki yote niliyowahi kusoma, maana chuki ina kitufe chake cha kufutia.

Komenti zikamwagika. Wengine: pole mama, Mungu akulinde. Wengine: wamejichorea wenyewe waonewe huruma. Mwingine: kwani anangoja nini, si afungashe. Kisha mmoja wa upande ule, asiyeujua hata mtaa wetu, akaandika: nasi tuwekeeni hapa picha za milango yao, tuijue. Na wa pili akajibu: naanza na ya kwetu huku.

Mkubwa wa stesheni akapiga simu. "Toa hiyo picha sasa hivi. Na ufunge maoni yote mpaka mshindi atangazwe."

"Nikiitoa watasema tumeficha. Na kama ni kweli, si watu waonywe?"

"Na ukiiacha, wakichomana?"

"Nipe saa moja."

"Nakupa nusu."

Hiyo ndiyo kazi, vijana, na ndiyo sababu sikuwajibu siku ile ya soda. Ukifuta, umemziba mdomo mwanamke aliyetishwa. Ukiacha, umewashikia taa wanaotafuta milango. Na katika hayo yote Mama Bilha alikuwa hatua chache kutoka kwangu, na mimi nikimtazama kwa kioo cha kompyuta.

Nikampigia Bi Zuhura. Alikuwa anakula, nilimsikia.

"Huo mlango umeuona?" akauliza.

"Nimeuona. Nimeukuza kabisa, naona hadi misumari."

"Nimekuuliza mlango, sijakuuliza picha. Uko wapi?"

"Ni... safu hii yetu. Mwisho."

Akatafuna, akameza. "Yaani mlango uko hapo, na wewe umenipigia simu mimi niliye Majengo. Vaa viatu, mwana wa reli."

Viatu sikuviona, nilitoka na malapa. Nikafungua mlango, nikatoka nje, nikageuka kuurudisha. Na hapo nikaona. Mlangoni kwangu. Mstari, tarakimu, mshale. Chaki ile ile.

Ningependa kuwaambia kwamba nilisimama kiume. Nilirudi ndani nikafunga komeo.

"Mama Bramu! Tumewekwa alama!"

"Tumewekwa nini?"

"Alama! Na sisi! Mlangoni!"

Alinisukuma, akafungua, akatoka na mwiko mkononi. Akatazama mlango. Akanitazama mimi. "Hii?"

"Hiyo!"

"Baba Bramu, hii iko hapa tangu kabla ya kura. Ni wale wahudumu wa matone ya polio. Walimpa mjukuu wako matone, akalia mtaa mzima ukasikia, wakaandika hapa kwamba nyumba hii imekwisha, wakaenda hiyo nyingine."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Hapo hapo. Na hayo madude masikioni."

"Mbona sikuiona siku zote hizi?"

"Ungeionaje? Mtu akitaka kuona mlango wake kwa nje, sharti atoke."

Nikatembea ile safu, Mama Bramu nyuma yangu na mwiko. Kila nyumba yenye mtoto mdogo ilikuwa na alama. Ya upande huu, ya upande ule, ya yule anayesema hana upande. Mlango wa Dankan ulikuwa safi, kwanza kwa sababu hana mtoto, na pili kwa sababu hata wangemwandikia, chaki nyeupe kwenye rangi nyeupe angeisoma nani?

Kwa Mama Bilha tulikuta shuka zimefungwa mafurushi, jiko liko nje, karai limefunikwa gazeti. Dankan alikuwa amebeba godoro kichwani, jasho linamtoka, anamsaidia mama kukimbia hatari aliyomletea yeye.

"Teremsha godoro, Dan," nikasema. "Ni chaki ya polio."

Nikaeleza. Mama Bramu akathibitisha kwa mwiko. Dankan akashusha godoro taratibu. "Lakini mzee, watu wameshaanza kuomba picha za milango mingine."

"Najua. Na redio wanataka kufunga kila kitu."

"Umejuaje mambo ya redio?"

Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa ofisi. "Yule mjinga anayekufuta ni mimi."

Alinitazama kutoka kwenye malapa kupanda juu. "Wewe?"

"Mimi."

"Na tulikuwa tunakunywa chai pamoja!"

"Chai ilikuwa yangu."

Sisi watatu tukacheka, kicheko cha watu waliopona. Mama Bilha hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye furushi, simu mkononi.

"Ya chaki nimeelewa," akasema. "Hata mjukuu wangu alipewa hayo matone, na mimi mwenyewe nilimshika mdomo. Woga umenisahaulisha. Lakini haya ya chini, Baba Bramu?" Akanigeuzia simu. "Haya nayo ni ya polio?"

Akapitisha kidole juu ya kioo, komenti moja baada ya nyingine.

"Huyu wa kuniambia nifungashe, huwa namfichia mandazi mawili ya mwisho kwa sababu huchelewa kuamka. Huyu anayesema nimejichorea, tunaimba naye sauti ya pili kwaya. Huyu hapa..." Akaacha. "Huyu nilimzalisha. Gari lilikosa kuja, nikamzalisha hapo ndani, kwenye hicho kitanda."

"Nitayafuta yote," nikasema. "Sasa hivi. Hutayaona tena."

"Usifute."

"Mama Bilha, yanakuumiza."

"Yananiumiza, ndiyo. Lakini ukiyafuta, kesho huyu atakuja kuniita Mama, nami nitamwita mwanangu, na mmoja wetu atakuwa mjinga. Nataka nijue ni nani. Hiyo haki na mimi nimenyimwa?"

Miaka yote hiyo nilidhani nachuja kwa ajili ya anayetukanwa. Hakuna siku niliyomuuliza anataka nini.

Nikaketi kwenye furushi la pili, nikafanya kazi kwa simu nikiwa nje, chini ya jua, mara ya kwanza maishani. Yale ya kuomba picha za milango, yaliyovaa viatu, niliyatoa yote, ya upande huu na ule. Yale ya uchungu na upumbavu niliyaacha, na majina ya wenyewe. Dankan, kwa aibu, alitaka kufuta picha yake. Nikamkataza. Picha ilikuwa imeshatembea mitaa mingine. Ukiifuta hapa, inabaki huko bila mtu wa kuisahihisha. Akaandika juu yake kwamba alikosea, na alama ni ya nini. Kisha Mama Bramu akanipiga picha nikiwa mbele ya mlango wangu, malapa, tumbo na alama, nikaiweka chini kwa jina langu: mimi ndiye mchuja maoni, hii ni nyumba yangu, tokeni nje mtazame milango yenu kabla hamjaandika kitu.

Mkubwa alinipigia kunikumbusha kwamba mchuja haonekani. Watu wengi zaidi walizungumzia tumbo langu kuliko chaki. Ile picha ya uongo ilisambaa kuliko yangu, na nasikia kuna mtaa ambao bado wanaiamini. Hayo ndiyo malipo ya ukweli, mzoee mapema. Lakini jioni hiyo, safu nzima, milango ilifunguliwa mmoja mmoja, mtu akatoka, akageuka, akatazama. Hakuna aliyeweka picha nyingine.

Mama Bilha hakutuambia kama anakaa au anaenda. Nilipoondoka mafurushi yalikuwa bado yamefungwa, ameyakalia.

Asubuhi nilisikia harufu ya mafuta. Nikatoka. Ndiyo, nilitoka, mwaweza kuacha kucheka. Meza ilikuwa mahali pake karibu na mfereji, karai linachemka, na Mama Bilha amefunga leso mpya. Nyuma yake, kwenye kamba, shuka zote zilizokuwa mafurushi zilikuwa zimeanikwa. Wateja wakasogea, macho chini, kila mtu akijifanya ana haraka.

"Karibu, mwanangu," akamwambia wa kwanza, kwa sauti iliyofika mpaka kwa Dankan. "Wewe ndiye ulisema nifungashe, sivyo? Nikufungie mangapi?"

Yule kijana akahesabu sarafu zake. "Mawili, Mama."

"Mawili. Haya. Na wewe nyuma, mwenzangu wa kwaya, wewe ulisema nilijichorea mwenyewe. Unataka ya moto au ya jana?"

"Ya... ya moto."

Hakumtukana mtu. Hakumfukuza mtu. Alimsomea kila mmoja maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, akamfungia mandazi kwenye gazeti na kumrudishia chenji. Wengine walilipa, wakasema samahani kwa sauti ya chini. Yule aliyezalishwa kwenye kile kitanda alifika nusu ya kijia, akasikia, akageuka.

Si yeye peke yake aliyegeuka. Siku hiyo mkate wa dukani uliisha mapema.